Watu Kumi na Tisa kwa Namba Moja

...na wewe unayebetua midomo hapo usianze kusema haiwezekani, kila mtu husema haiwezekani mpaka siku akalie yeye mwenyewe lile benchi la mbao pembeni ya meza ya karani, msumari ukimchoma paja, aone kwa jicho lake moja zima watu kumi na tisa wakimezwa mchana kweupe na kitu kisicho na meno, kisha kitu chenyewe kijiwekee alama ya vema ya kijani kama kilichofaulu mtihani, na asiwepo wa kupiga ukelele, hata yeye hakupiga, yeye Mama Daftari ambaye mtaani watu waliujua ulimi wake kabla ya kuijua sura yake, alikaa tu, magoti pamoja, mtandio kichwani, daftari mapajani, akiutazama ukuta, maana aliyekuwa anabonyeza vitufe alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, na mkwe humwambii unavyotaka, mkwe unamwambia inavyopasa, "Imekubali, mama," mkwe alisema, akajinyoosha mpaka kiti kikalia, "imepita yote, tazama, kijani," akakigeuza kioo cha kompyuta upande wake ili naye afurahi, watu mia moja arobaini na nne, saa tano na dakika kumi, kazi imekwisha na saa sita haijafika... Mia moja arobaini na nne. Kwa nini arobaini na nne. Daftari lilikuwa na watu mia moja sitini na tatu, aliwahesabu jana, akawahesabu tena leo asubuhi chai ikipoa, na hesabu za kutoa alifundishwa kwa fimbo darasa la tatu, hazijamtoka mpaka leo, sitini na tatu toa arobaini na nne, kumi na tisa, kumi na tisa wako wapi, "Mbona kama wamepungua, baba," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, na mkwe bila kugeuka akajibu, "Hawajapungua, mama, mfumo umeondoa marudio tu," marudio, eti marudio, kana kwamba mzee wa watu ni shati lililoanikwa mara mbili, yeye aliandika marudio yapi, yeye aliyetembea miezi miwili nyumba kwa nyumba kwa magoti haya yaliyojaa maji, akibisha, akisalimia, akiinua kope za watu kwa kidole gumba kama alivyofundishwa na muuguzi, huyu ana mtoto wa jicho, andika, huyu hana, ana uvivu tu, usiandike, hakumrudia mtu hata mmoja, hata wale waliomkaribisha vizuri hakuwarudia, muda haukuwepo, madaktari wa macho wanakuja wiki moja tu, mara ya mwisho walikuja miaka sita iliyopita, na atakayekuwa ndani ya mfumo ifikapo saa sita leo ndiye atakayepigiwa simu siku moja kabla ya zamu yake, atakayepigiwa ndiye atakayepasuliwa, asiyepigiwa atabaki na ukungu wake mpaka aingie nao kaburini, hivyo ndivyo alivyoelezwa, hivyo ndivyo naye alivyowaeleza watu, akaapa, akasema mimi nitahakikisha, alisema hivyo kwa mdomo wake, mimi nitahakikisha, mdomo huu huu uliofungwa sasa kama mkoba.

Kitu chenyewe, hicho walichokiita mfumo, alikuwa amekichukia tangu juzi, kwa haki kabisa, hakukionea, juzi kilikula sifuri, namba zote za simu ziliingia bila sifuri ya mbele, watu mia moja sitini na tatu wamekatwa vichwa, kikasema sawa, jana kikakataa orodha nzima kwa kosa moja na hakikusema kosa liko mstari gani, kiliandika tu kwa herufi nyekundu Kuna kosa, na kabla hajaitoa miwani mfukoni maandishi yakapotea, sekunde tatu, mkwe alizihesabu kwa saa ya mkononi, nani anasoma kwa sekunde tatu, orodha ya watu wasioona imetengenezewa kifaa cha watu wenye macho ya mwewe, wakalitafuta kosa saa nne nzima, yeye akisoma daftarini, mkwe akifuata kwenye kioo, na kioo kinaonyesha watu kumi tu kwa wakati, ukibonyeza kishale uwaone kumi wengine kinakuonyesha, ukimrekebisha mmoja kinakurudisha juu kabisa kwa wale kumi wa kwanza, uanze kushuka tena, kama mtoto anayejifunza kuhesabu, ukimkatiza sabini na nane lazima aanze moja, na kosa lenyewe unajua lilikuwa nini, nafasi, nafasi tupu, kidole cha mkwe kiliteleza baada ya jina la mshona magodoro, kikaacha kitu kisichoonekana wala kushikika, na kwa hicho kisichoonekana mtaa mzima ulizuiwa getini tangu asubuhi mpaka alasiri, lakini leo wanapotea watu kumi na tisa wenye nyama na mifupa, hapo kimya, hapo kijani... Na jana hiyo hiyo mkwe alipotaka kukisimamisha kilitoa kidirisha, Una uhakika unataka kughairi, na chini yake vitufe viwili, kimoja Ghairi, kingine Sawa, wakatazamana, mkwe na mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu harusi wakatazamana usoni kabisa, ghairi ipi, kughairi kazi au kughairi kughairi, "Mama, wewe ungebonyeza kipi?" "Mimi ningebonyeza pua ya aliyekitengeneza," likamtoka kabla hajalishika, na mkwe akacheka, akacheka mpaka akavua miwani, naye akacheka nyuma ya mtandio, ilikuwa nzuri ile, ilikuwa dakika nzuri, kisha mkwe akabonyeza Sawa na kazi yote ikafutika. Ndiyo maana leo walikiogopa. Kilianza saa mbili na robo, kigurudumu kikazunguka, kikazunguka, na chini kimeandika usiguse, ukigusa kinaanza upya, kwa hiyo hakuna aliyegusa, karani mzima na mwanamke mtu mzima wamekaa karibu saa tatu wakikiogopa kipanya cha plastiki, mkwe hata kikohozi alikimezea, na feni juu inazunguka kwa mwendo ule ule wa kigurudumu, mpaka yeye akaanza kuhisi kichwa nacho kinazunguka, hewa ya chumba ina harufu ya wino na karatasi zilizolala, dirisha halifunguki, limepigwa misumari tangu kompyuta ilipoletwa, asije mwizi, mwizi angeiba hiki, angekirudisha mwenyewe na kuomba radhi.

"Haloo, mkuu, habari za saa hizi," mkwe alikuwa amempigia mtaalamu, yule wa makao makuu ambaye hakuna aliyewahi kumwona, sauti tu, sauti ya mtu anayetafuna kitu, "ndiyo mkuu, imepita... ndiyo, mia na arobaini na nne... hapana, mimi sina tatizo, ila kuna mama hapa ameuliza..." kuna mama hapa, haya, amekuwa kuna mama hapa, miaka ishirini na sita alikuwa kuna mama hapa, akisafisha sakafu hizi hizi za kituo hiki, madaktari wakimruka na ndoo yake, mpaka siku muuguzi mkuu alipotaka kujua nyumba ya mgonjwa fulani na hakuna aliyejua ila yule mwenye ufagio, tangu hapo ukitaka mtu unamuuliza yeye, ukitaka kufikisha neno unampa yeye, akapewa daftari, akapewa jina, akastaafu ufagio lakini daftari hakulirudisha, wala hakuna aliyethubutu kulidai... na kutoka kwenye simu ya mkwe sauti ndogo ikawa inavuja, kama nzi ndani ya chupa, yeye masikio hayana ukungu, aliyatega, "...si hitilafu hiyo... ndivyo kilivyotengenezwa... namba moja, mtu mmoja... zikifanana kinaunganisha chenyewe... wa mwisho ndiye anayebaki..." "Kumbe," mkwe alisema, "na hicho kisanduku cha kukiruhusu kiunganishe kiko wapi, mkuu?... Chini ya Mengineyo?... Kumbe kilikuwa kimeshawekwa alama..." namba moja mtu mmoja, na hapo akalifunika daftari kwa viganja viwili, maana kuna namba moja tu katika daftari lile iliyoandikwa zaidi ya mara moja, na namba hiyo aliijua, ilikuwa inalala kila usiku chini ya mto wake, ilikuwa namba yake.

Sasa ungefanyaje. Mtu hana simu, umwandike nini, umwandike hewa? Mshona mikoba wa zamani hana simu, aliiuza simu akasema inamletea watu nyumbani, andika yangu, bibi wa mkaa wa kona ana simu lakini imekuwa kizuizi cha mlango, andika yangu, yule mlinzi ambaye kiwanda kilifungwa miaka kumi iliyopita na yeye bado anakwenda kukilinda kila jioni na filimbi, simu yake iko ndani ya kiwanda na ufunguo hana, andika yangu, wale ndugu wawili wanaoishi chumba kimoja na hawaelewani, kila mmoja alisema usimpigie huyu ataniambia uongo, andika yangu, andika yangu, na yule tuliyemwita Kamusi kwa maneno yake mengi, ana simu nzima, mpya, aliyonunuliwa na mwanawe, alisema, "Mama Daftari, mimi namba nimeisahau, ila nina hadithi yake," "Nipunguzie hadithi, nitaweka yangu," akaweka, ilikuwa rahisi, kalamu ilishajua njia yenyewe, sifuri saba na kuendelea, na kila alipoiandika alihisi kitu kifuani kikikaa sawa, kama mtungi unapokaa juu ya kata, simu zote zitalia kwake, atavaa viatu, atatoka, atabisha, atasema, kesho ni zamu yako, na mtu atafufuka kwa neno lililotoka kinywani mwake, hakuna siku angelala kabla ya kufikisha, hilo asidhaniwe, angefikisha, lakini lazima lipitie kwake... na mwisho kabisa, mstari wa mia na sitini na tatu, akajiandika mwenyewe, jicho la kulia, alijiweka mwisho kwa adabu, wenye shida zaidi watangulie, akajipongeza kwa adabu hiyo njia nzima ya kurudi nyumbani. Wa mwisho ndiye anayebaki. Watu kumi na tisa wamekuja mlangoni mwake, wameingia mmoja mmoja, na aliyetoka upande wa pili ni yeye peke yake, ameshiba, na alama ya kijani.

Na dada yake alikuwa wa nane katika hao.

Aliyafumba macho, yote mawili, zima na bovu, akaona kizingiti cha dada, alichokuwa hajakikanyaga tangu dada ahamie mtaani, siku ya kuandikisha alisimama nje na daftari na kabla hajafungua kinywa dada akasema kutoka ndani, kutoka kwenye kiti chake, uso umeelekea ukutani, "Viatu hivyo navijua," "Nimekuja kwa kazi ya kituo," "Basi fanya kazi ya kituo," wakafanya kazi ya kituo, "Jina?" "Unalijua." "Umri?" "Nimekuzidi miaka minne, jumlisha mwenyewe, si ulikuwa hodari wa hesabu." "Jicho gani?" "Yote. Nakuona kama moshi, na hata hivyo umenenepa." Na yeye, mwenye ulimi wake, aliandika tu, macho yote mawili, "Namba ya simu?" na dada akaitaja moja kwa moja bila kusita, tarakimu kumi kama anayesoma ubaoni, "ya jirani, fundi cherehani, mtu mwema, ananiletea maji na haniulizi kitu," akaiandika, aliiandika kweli, imo, na alipofika kwake akakaa kitandani na daftari, akaitazama namba ile ya fundi cherehani, mtu mwema asiyeuliza kitu, akaona siku ile itakavyokuwa, simu italia kule cherehani, fundi atavuka ua, atasema bibi kesho zamu yako, na dada atatabasamu kumtabasamia fundi, na yeye Mama Daftari atasikia sokoni kwa watu, kama mtu baki, basi akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja, hakukoleza, akaandika juu yake sifuri saba na kuendelea, maana alitaka aende yeye, apate sababu ya kukanyaga kizingiti kile mara ya pili, aseme neno jema moja ambalo dada hawezi kulikataa... Kisha akalala usingizi mzuri. Usingizi mzuri kabisa, aibu tupu. Na sasa kidogo kidogo, feni inazunguka, mkwe anasema ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, likaja lile jingine, alilolifungia miaka mitatu, mama yao kitandani, amezidiwa, na yeye ndiye aliyekuwa pale, yeye ndiye mwenye simu, na dada mbali, safari ya siku nzima kwa basi, alikuwa amuarifu Jumatatu, akasema ngoja kwanza niwe na hakika, nisimtie mtu hofu bure, Jumanne akasema ngoja daktari apite, Jumatano, alipopiga, hapakuwa na la kungoja tena, dada alifika wamesharudi makaburini, wamesharudisha viti vya watu, akasimama uani na mkoba wake mkononi, hakulia, alisema mbele ya wote, "Wewe unapenda kuwa mlango. Kila mtu apite kwako. Hata kifo kilipita kwako kwanza ndipo kikanifikia mimi," na yeye alijibu, alijibu maneno arobaini, ya haki, ya hesabu, siku, saa, daktari alivyosema, kila aliyesikiliza alimpa haki yake, na dada akamsikiliza mpaka mwisho akasema ahsante, akaondoka kwa basi lile lile lililomleta, na aliporudi kuhamia mtaani akiwa ameanza kupofuka hakuja kupiga hodi... Maneno arobaini. Leo hana hata moja. Kidude kile pale mezani hakina ubaya, hapana, kidude kimefanya alichofanya yeye, tena kwa haraka zaidi, kimekuta watu ishirini wenye namba moja kikasema hawa ni mtu mmoja, na nani alikiambia hivyo, nani aliandika.

"Basi, mama," mkwe aliweka simu chini, akafuta kioo chake cha miwani kwa ncha ya shati, dalili kwamba anatafuta maneno, binti yake alimwambia hivyo zamani, ukiona anafuta miwani jua anakata kona, "nimeongea naye. Amesema haiwezekani," "Haiwezekani nini, baba?" "Kuwarudisha. Mpaka tufute yote tupakie upya, na umeona mwenyewe kupakia ni saa tatu, saa sita kinafunga chenyewe, hakina binadamu wa kumwomba. Tukigusa tunawakosa hata hawa mia na arobaini na nne. Na mkataba wangu, mama... wameniambia wanataka kijani. Hao wengine tutawaweka safari ijayo," safari ijayo, miaka sita, bibi wa mkaa ana miaka themanini na moja, safari ijayo utampigia wapi, "na zaidi ya yote," mkwe akasema, akatabasamu, masikini akatabasamu kwa moyo mweupe kabisa, kama anayemkabidhi zawadi, "wewe umo. Nimeangalia. Wa mwisho kabisa, mama, umo." Wewe umo. Alijiona pale kwenye kioo, jina lake kwa herufi ndogo, mistari tisa juu yake watu wenye simu zao, na mbele ya jina alama ya kijani, jicho lake la kulia litaoshwa, litaona, ataona nini, atamwona dada yake akipapasa ukuta kutafuta mlango wa choo, ataona vizuri kabisa, bila ukungu. Na alikuwa amesikia. Mkwe alidhani hakusikia, watu hudhani mwenye jicho bovu na sikio lake ni bovu, lakini ile sauti ya nzi ndani ya chupa ilikuwa imesema kitu kingine baadaye, ilisema kwa kutafuna, "...au uongeze mmoja mmoja kwa fomu... dakika mbili kila mtu... ila kila mmoja namba yake, isiwe ya mtu aliyemo..." na mkwe akajibu, "sawa mkuu, nimeelewa," na hilo hakulileta, hilo limebaki upande wa meza yake, alilisubiri alilete, akasubiri tena, mkwe akafuta miwani, yeye akaihesabu feni mizunguko mitano, na huwezi kumwambia mkwe umesema uongo, hilo neno halipo kati ya mkwe na mama mkwe, likitoka leo binti yake atalala nalo kitanda kimoja mwaka mzima, na ukiangalia sana si uongo, ni lile lile, ngoja kwanza, nisimtie mtu hofu bure, mkwe naye amekuwa mlango, wamekaa humu chumbani milango mitatu, yeye, mkwe na kidude, na dirisha limepigwa misumari, na hakuna mtu anayepita.

Dakika mbili mara kumi na tisa, thelathini na nane. Sasa ni saa tano na kumi na tano. Mpaka saa sita ni arobaini na tano. Zinabaki saba. Dakika saba za kupata namba kumi na tisa za watu wasiomo. Nje, ng'ambo ya mlango huu, kwenye ukumbi, kulikuwa na foleni ya kupima watoto uzito, alipita katikati yake asubuhi bila kumsalimia mtu, wanawake thelathini hivi, kila mmoja na simu mkononi, wengine wanazo mbili, wazima wote, macho kama taa, hawamo, hakuna hata mmoja aliyemo, na wanatoka mtaa ule ule, huyu anakaa nyuma ya bibi wa mkaa, yule ndiye mke wa mwana wa Kamusi, yule mnene anapita mbele ya kiwanda cha mlinzi kila siku akienda kazini, wangeweza, mmoja kwa mmoja, kila mwanamke namba yake na mzee wake, simu ikilia avuke ua aseme bibi kesho zamu yako... na haitalia kwake. Hakuna itakayolia kwake ila moja, ya jicho lake. Watamfikishia wao. Wengine watachelewa, wengine watakosea siku, Kamusi atamchosha mkaza mwanawe mpaka asahau alilokuja kusema, na yeye atasikia sokoni kama mtu baki. Na itabidi aombe. Hajawahi kumwomba mtu hata kiberiti, asimame katikati ya foleni ya wasichana aliowasema wote kwa zamu, huyu anapika vibaya, yule ana mume wa mkopo, awaambie nimekosea, nisaidieni, wataangaliana wale, watakumbuka, yule mnene hasa atakumbuka, atamfanya aseme mara mbili. Atasema mara mbili.

Alilifungua daftari, akalisogeza karibu na jicho zima, mstari wa dada ulikuwa pale, na chini ya ule mstari mmoja aliopiga kitandani, usiokolezwa, tarakimu kumi za fundi cherehani zilisomeka zote, hata moja haijafutika, alikuwa ameupiga kwa mkono wa mtu anayejua atarudi, au hajui, usimpe sifa ambayo hakuitafuta. "Baba," alisema, na sauti ilitoka si ile ya mvua, ilitoka ile ya mtaani, mkwe akaacha kufuta miwani, "hiyo fomu ya mmoja mmoja iko wapi?" "Fomu..." "Ya dakika mbili. Masikio yangu hayana mtoto." Mkwe shingo ikamwiva, na yeye hakumtazama, hilo alimwachia, heshima ikae hapo hapo ilipo, alitazama kioo, "Sikulaumu, mwanangu, namba ni yangu, niliiandika mimi, mkuu wako akiuliza mwambie kuna mama hapa. Hao mia na arobaini na nne usiwaguse, waache na kijani chao. Fungua fomu, andika wa kwanza," akamsomea jina la dada yake, lote, jina la baba yao likiwemo, akamsomea namba ya fundi cherehani, polepole, sifuri ya mbele akaitaja mara mbili isije ikaliwa, na mkwe akaanza kubonyeza, "Na wa pili, mama?" "Wa pili anakuja. Wako kumi na wanane," akanyoosha mkono akaichukua kalamu ya mezani bila kuomba, akasimama, goti likalia, msumari ukaishika sketi yake ikapasuka kidogo, ipasuke, kwenye kioo bado ni mia moja arobaini na nne na alama ya vema imekaa pale pale kijani haijui lolote, feni inazunguka, na mlango wa ofisi ile, kila mtu kituoni anajua, hauingii kwenye komeo mpaka uubamize, miaka yote tangu harusi alikuwa akiuacha nusu wazi kwa kumheshimu mkwe, karatasi zikipeperuka, mkwe akiinuka nyuma yake kuufunga, leo alitoka na daftari kwapani na kalamu mdomoni, akaushika kitasa kwa mikono miwili, akaubamiza.